Mstari wa Baba

Karani Swalehe alicheka mpaka akaiweka kalamu mezani, na hapo ndipo Seleman alipojua kwamba kuna kitu kimeharibika.

Mpaka dakika ile mambo yalikuwa yamenyooka. Tangu asubuhi ya Jumatatu walikuwa wamejipanga nje ya banda la bati, yeye na Kaimu, pamoja na vijana wengine waliotoka Nambilanje, Naipingo na Ruangwa, kila mmoja na mkubwa wake. Serikali ilikuwa inaandikisha vijana wa Kazi ya Hifadhi. Miaka michache nyuma matingatinga ya wazungu wa karanga yaling'oa miti yote upande huu wa Nachingwea. Karanga zikakataa, wazungu wakafunga virago, na tangu hapo kila mvua ikinyesha udongo ulikuwa unateremka bondeni na kujaza vijito. Sasa walitakiwa vijana wa kuchimba makinga maji, zile kingo ndefu za udongo zinazoyazuia maji yasikimbie, na kupanda miti upya. Atakayefanya vizuri kwa mwaka mmoja angefundishwa upimaji, apewe kipimo na kofia, awe mtu wa serikali. Kaimu alikuwa na darasa la nne na mikono isiyochoka. Kijijini kwao Nandagala hakuwapo anayefaa kuliko yeye, na Seleman alikuwa amelisema hilo kwa kila mtu aliyekutana naye njiani, aliyeuliza na asiyeuliza.

"Umri?" karani alikuwa ameuliza.

"Kazaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige walikuja zaidi ya mwaka mmoja, mzee."

"Wale wa mwisho. Wale waliokula mpaka nyasi za paa."

Karani alihesabu kwa vidole, akaandika ishirini. Ameoa? Bado. Ana ugonjwa wowote? Hana, hata mafua. Kisha karani akamtazama Seleman kwa mara ya kwanza, akamwuliza kama kijana huyu ni mtoto wake.

"Mtoto wangu," Seleman alijibu, tena kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

Wala hakudanganya. Nani alimpeleka Kaimu jandoni? Yeye. Nani aliuza ufuta ili kijana asome? Yeye. Siku Kaimu atakapotaka kuoa, nani atakwenda kukaa kwenye mkeka wa watu na kusema maneno? Yeye huyo huyo. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na wa kumsimamia ni kaka wa mama. Aliyezaa huheshimiwa, hupewa salamu zake, akaenda zake. Neno "mpwa" Seleman alilijua, alilisikia kwa watu wa pwani na mahakamani, lakini kwa Kaimu aliliona linampwaya.

"Jina la mama?"

"Fatu."

"Mke wako wa ngapi huyo?"

"Si mke wangu. Fatu dada yangu. Tumbo moja."

Ndipo karani alipocheka.

"Mzee wangu! Umezaa na dada yako?" Swalehe alikuwa mtu wa Pangani mwenye sauti ya mwadhini, na dirisha lilikuwa wazi. Foleni nzima ilisikia. Wapo waliocheka kwa sababu kicheko huambukiza, na wapo wakubwa kadhaa waliotazama chini, kila mmoja akiomba moyoni zamu yake isije na swali hilo hilo.

"Si hivyo, bwana karani. Mimi ndiye mkubwa wake. Kwetu sisi..."

"Kwenu sikujui. Mimi najua hapa." Swalehe alifungua kijitabu cha kanuni, akafuata mistari kwa kidole. "Kijana ataletwa na baba yake mzazi, naye baba ataweka dole gumba. Kama baba amefariki, ataletwa na mlezi. Mtu mmoja, kijana mmoja. Atakayetoa maelezo ya uongo, kijana wake atafutwa. Haya. Aliyemzaa huyu yuko hai?"

"Yuko. Yuko Naipingo."

"Basi umeidanganya serikali."

Mlangoni alikuwa amesimama msimamizi wa kazi, Dominiko, mtu wa Ndanda, kamba ya kupimia imemning'inia begani. Hakucheka. Alimtazama Seleman, akamtazama Kaimu, akaondoka. Swalehe akaisukuma fomu pembeni.

"Nakuhurumia kwa ajili ya mvi zako. Jumamosi saa sita mchana tunafunga daftari. Aje baba mwenyewe. Asipokuja, huyu arudi kwao akalime."

Seleman alitaka kujibu. Alikuwa msemaji, watu walimwita kwenye mashauri mpaka vijiji vya mbali, na hakuna aliyewahi kumwona akikosa neno mbele za watu. Siku ile alilitafuta, hakuliona, akachukua kofia yake akatoka.

*

Kicheko kile kilifika Nandagala kabla yao, kwa sababu kwenye foleni kulikuwa na mtu mwenye baiskeli. Walipopita soko la Ruangwa, muuza tumbaku alimwuliza Seleman hali ya mke wake na dada yake, wote wawili kwa pamoja, kisha akajifanya anakohoa. Kaimu alikunja ngumi. Seleman akamshika mkono, akaagiza tumbaku, akailipia, akaondoka bila kudai chenji.

Fatu alikuwa amekaa barazani anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.

"Kaka," alisema kabla hajasalimiwa, "nimesikia tuna mtoto."

Seleman hakucheka. Alikaa kwenye kigogo, akavua katambuga zake za tairi polepole, moja kisha ya pili.

"Amesema mimi si mzazi."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilikuwa natafuta neno."

"Ukalikosa? Wewe?"

"Kwa Kiswahili, nililikosa."

Fatu aliacha kubangua. Mchana kutwa alikuwa amecheka na wanawake wenzake kisimani, maana kichekesho ni kichekesho hata kikiwa chako mwenyewe, lakini uso wa kaka yake ulimkata hamu yote. Alimjua mtu huyu. Angeweza kutukanwa masikini akacheka, akaambiwa mzee akacheka. Kuambiwa si mzazi wa Kaimu ilikuwa kama kuambiwa hajaishi.

"Mjomba, tuache," Kaimu alisema. Alikuwa amesimama, hakutaka kukaa. "Kuna lori la mkonge linaondoka Lindi mwisho wa mwezi. Nitajiandikisha huko. Hawaulizi baba wala mjomba."

"Mkonge! Wa hapa kwetu waliokwenda mkonge ni wangapi?"

"Tisa."

"Wamerudi wangapi?"

Kaimu alitazama njia ya Lindi.

"Wawili," Seleman akajijibu, "na mmoja anakohoa. Huendi mkonge wakati serikali inatafuta kichwa cha kuvalisha kofia. Baba wanamtaka, baba watampata."

Aliyasema kwa ukali, lakini hayakuwa mepesi. Shehe, aliyemzaa Kaimu, alikuwa amemwacha Fatu miaka kumi na tisa iliyopita. Hawakugombana; siku ya kuondoka Seleman mwenyewe alimwambia mbele ya watu, nenda salama, mtoto hana haja na wewe. Watu walilisifu neno lile. Sasa ilibidi alimeze, tena mbele ya mtu yule yule aliyeambiwa.

"Nakwenda na nyinyi," Fatu alisema.

"Mwanamke aliyeachwa hamfuati mwanamume, Fatu. Watu watasema."

"Wameshasema nimezaa na wewe. Watasema nini zaidi?" Alijifuta mikono kwa kitambaa. "Tena simfuati yeye. Nafuata dole gumba. Likishafanya kazi nitamrudishia."

*

Walifika Naipingo siku ya Alhamisi alasiri. Shehe alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Alipowaona watu watatu wanaingia uani alisimama haraka mpaka akaangusha kata ya maji.

"Shemeji," alisema. Kisha akamwona Fatu, akainamisha kichwa. Kisha akamwona Kaimu, kijana mrefu kumshinda, mwenye masikio yake yeye Shehe yaliyotokeza pembeni, akakosa pa kuweka macho. Mkewe alitandika mkeka, akaleta uji wa mtama, akaondoka bila kuulizwa aondoke.

Seleman alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alianza na mvua, akaenda kwenye korosho, akagusa misiba ya mwaka ule, na ndipo akalifikia jambo lenyewe. Alisema alitamka neno zamani na leo analirudisha. Alisema kijana anahitaji dole la aliyemzaa, siku ya Jumamosi, kabla ya saa sita. Kusema hivyo kulimgharimu, jasho likamtoka shingoni.

Shehe aliutazama mkono wake wa kulia muda mrefu.

"Shemeji, dole langu limekwisha."

"Limekatika?" Fatu aliuliza.

"Limetumika."

Wakamtazama. Ndipo ikatoka, kidogo kidogo, kwamba wiki iliyopita Shehe naye alikwenda kwenye lile banda la bati. Alimpeleka Hasani, mtoto wa marehemu dada yake. Baba yake Hasani naye alikufa zamani kwa homa. Shehe alimlea tangu anatambaa.

"Karani akaniuliza, mtoto wako? Nikasema mtoto wangu. Ningesema nini?"

"Hakukuuliza mama yake?" Seleman alisogea mbele.

"Aliniuliza. Nikasema marehemu. Akanipa pole, akageuza ukurasa."

Fatu alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Seleman hakujua acheke au alie. Kosa ni lile lile, banda ni lile lile, karani ni yule yule. Mmoja alipewa pole na mwingine akapewa aibu, kwa sababu dada wa mmoja yuko kaburini na dada wa mwingine yuko hai anabangua korosho.

"Mtu mmoja, kijana mmoja," Shehe alisema. "Walinisomea. Kwa hiyo nimeandikwa baba wa Hasani, na wa pili siruhusiwi."

"Na Kaimu hawezi kuletwa na mlezi," Seleman alisema polepole, akiliona jambo lote sasa, "kwa sababu baba yake yuko hai. Kosa la kijana huyu ni kwamba wewe hujafa."

"Basi semeni nimekufa."

Alilisema kwa upole ule ule wake wa siku zote, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. "Semeni Shehe amekufa, wewe shemeji uwe mlezi, kijana apate kazi. Mimi sitapita njia ile."

"Na mimi niwe mjane wa mtu aliyeniacha?" Fatu aliuliza. "Nikae eda?"

"Hapana," Seleman alisema. "Nimeitwa mwongo kwa kusema kweli. Sitaki kuitwa mkweli kwa kusema uongo. Tena yule karani ana jina lako kwenye daftari, hai, na dole lako bichi. Atatushika wote."

Hasani alikuwa ameingia tangu katikati ya mazungumzo, mzigo wa kuni ungali kichwani. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, mtaratibu. Aliushusha mzigo, akasalimia, akasema kwamba yeye yuko tayari kutoka ili Kaimu aingie, maana Kaimu ndiye mtoto.

"Nyamaza," Shehe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mfupa. Kisha akamgeukia Kaimu, na ilionekana wazi kuwa angependa kuwa mahali pengine popote. "Mwanangu, usinichukie. Wewe nilikuzaa. Lakini Hasani ni wangu. Nikimtoa huyu, dada yangu nitamwambia nini siku tutakayokutana?"

Kaimu aliitikia kwa kichwa. Iliuma, mtu yeyote angeona kuwa iliuma, hata kama tangu utotoni alijua ndivyo mambo yalivyo. Na Seleman, aliyekuja na hasira yake yote ya miaka kumi na tisa imekunjwa vizuri, alikosa mahali pa kuitandika. Angekuwa yeye mahali pa Shehe, angesema maneno yale yale.

"Twendeni wote," akasema. "Wewe, mimi, Fatu, na vijana wote wawili. Tukaseme kweli nzima, wajue wenyewe pa kuiandika."

*

Jumamosi saa nne walikuwa mbele ya meza. Swalehe aliinua macho, na tabasamu lilianza kumjia usoni.

"Naam! Mzee na mkewe dada."

"Mimi ndiye dada, bwana karani," Fatu alisema. "Mke yuko nyumbani, anaitwa Zaina. Anakusalimu."

Tabasamu likaishia njiani. Seleman akasimama vizuri, akavua kofia, akaeleza. Safari hii hakukosa neno. Alisema Kaimu amezaliwa na huyu Shehe, na amesimamiwa na yeye Seleman. Alisema Hasani amezaliwa na marehemu wawili, na amesimamiwa na Shehe. Alisema kwa watu wa huku yote mawili ni kweli, na kwamba hakuna aliyekuja hapa kuiba kazi ya mtu.

Swalehe alifungua daftari, akarudi kurasa kadhaa, akaliona jina la Hasani na dole la Shehe chini yake.

"Kwa hiyo waongo ni wawili," alisema, na akatafuta kalamu nyekundu. "Nafuta wote."

Shehe alitoa sauti ndogo. Seleman alikuja na kijana mmoja aliyekuwa anampoteza, na sasa kwa ulimi wake mwenyewe amewapoteza wawili, mmoja wao yatima ambaye alikuwa ameshapata. Hasani alikuwa anaitazama ile kalamu bila kupepesa.

"Ngoja, Swalehe."

Dominiko alikuwa nyuma, kwenye meza ya pili, anachonga vigingi vya kupimia. Aliweka kisu chini, akaja.

"Huyu alikudanganya nini?"

"Alisema ni mtoto wake."

"Ni mtoto wake."

"Hakumzaa!"

"Ulimwuliza kama alimzaa?"

Swalehe alirudisha macho kwenye fomu.

"Mimi nilipelekwa shule na mjomba wangu," Dominiko aliendelea. "Aliulizwa swali hilo lako, akajibu kama walivyojibu wazee hawa, na mpaka leo cheti changu kina jina lake mahali pa baba. Anza kunifuta mimi. Ukimaliza, waite wote ulioandika wiki hii, waulize upya, halafu uniambie nani atachimba makinga maji. Mvua ziko mlangoni."

Swalehe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na watu wa karatasi huogopa karatasi kuliko sisi wengine tunavyoogopa chui. "Lakini kanuni ni kanuni, bwana Dominiko. Mkaguzi akija kesho akakuta mjomba kwenye mstari wa baba, atakayeulizwa si wewe."

"Ni kweli. Kanuni hazikutoka kwangu, siwezi kuzibadili. Lakini naweza kuzisoma mpaka mwisho. Soma hapo kwenye mlezi. Yote."

Swalehe alisoma, safari hii bila haraka. "Mlezi ni mtu mzima yeyote, mlipa kodi, atakayekubali kuwajibika kwa kijana. Kijana akiugua, mlezi atamchukua. Akitoroka, mlezi atamrudisha."

"Samahani," Fatu alisema. "Umesema yeyote?"

"Yeyote."

"Hata asiyekuwa ndugu?"

"Kanuni haisemi ndugu. Inasema mtu mzima, mlipa kodi."

Fatu alimgeukia kaka yake. Seleman alielewa mara moja, na akatamani angekuwa mzito wa kuelewa kama watu wengine. Shehe aondolewe kwa Hasani, awekwe kwa Kaimu kama baba aliyezaa. Hasani, ambaye baba yake amekufa, aletwe na mlezi. Na mtu mzima aliyekuwa amesimama pale na stakabadhi ya kodi mfukoni, ambaye dole lake halijagusa karatasi ya mtu, alikuwa mmoja tu.

"Kwa hiyo karatasi itasema Kaimu ni wa Shehe," alisema.

"Itasema," Dominiko alijibu.

"Na mimi, niliyemlea Kaimu, hapatakuwa na jina langu kwake. Hata pembeni."

"Hapatakuwa."

"Lakini kwa kijana huyu, ambaye nimemjua juzi, ambaye sijui hata kama anakoroma, kwake serikali inanikubali."

"Inakukubali, mzee wangu. Najua si sawa. Ndivyo ilivyo."

Iliuma, na tusifichane, iliuma sana. Seleman alikuwa amekuja kulirudisha jina lake, na sasa alikuwa anaombwa aliache lenyewe, kwa hiari yake, mbele ya yule yule aliyemcheka. Kaimu alimsogelea, akamwambia taratibu, "Mjomba, ukisema tuondoke, tunaondoka." Na kijana alikuwa anamaanisha. Angeondoka bila kinyongo, angepanda lori la mkonge akimwita mjomba mpaka lipotee kwenye kona.

Seleman alitia mkono mfukoni, akatoa stakabadhi ya kodi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza.

"Andika," alimwambia Swalehe. "Andika vizuri. Nina darasa la Kurani tu, lakini jina langu nikiliona nalijua."

Dole lake halikuchelewa. Alilitia wino, akalikandamiza kwenye mstari wa mlezi wa Hasani, akalitazama likikauka. Zamu ikawa ya Shehe. Shehe alitia wino, akalipeleka dole kwenye fomu ya Kaimu, pale palipoandikwa baba. Mara ya kwanza aligusa juu juu, likatoka doa. Swalehe akatoa fomu nyingine, akajaza tena, akiangalia saa ya ukutani. Mara ya pili likachafuka zaidi.

"Siwezi," Shehe alisema kwa sauti ya chini. "Najiona kama naiba."

Hapo Seleman alimshika kifundo cha mkono. Alilichukua lile dole gumba la shemeji yake, akalifuta kwa pindo la kanzu yake mwenyewe, akalichovya upya kwenye wino. Akaliweka mahali pake, kwenye mstari wa baba, na akalikandamiza yeye kwa kidole chake mpaka ukucha ukawa mweupe. Lilitoka safi, mistari yote ikihesabika. Swalehe aliipuliza fomu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alisema "ahsante, mzee" bila kutafuta wa kumcheka.

Nje jua lilikuwa kali. Kazi ingeanza Alhamisi. Shehe alitaka kuwahi kwake Naipingo. Aliagana na kila mtu mara mbili, kisha akasimama mbele ya Kaimu asijue la kufanya na mikono yake yenye wino.

"Nakushukuru, baba," Kaimu alimwambia.

Neno lile Seleman hakuwahi kulisikia kinywani mwa kijana. Lilimpiga, akageuka upande akajifanya anatafuta tumbaku. Fatu alisimama karibu naye mpaka alipomaliza kuitafuta.

Hasani alikuwa amebaki peke yake kando ya banda, fomu yake mkononi. Hakujua aongozane na nani. Shehe alikuwa ameshaanza kuondoka kuelekea Naipingo, na karatasi ilisema kijana si wake tena.

"Wewe!" Seleman alimwita. "Unasimama hapo kama nguzo kwa nini? Mpaka Alhamisi unakaa kwangu Nandagala. Siwezi kuwajibika kwa mtu nisiyejua anakula nini."

"Nakula chochote, mzee."

"Hakuna mtu anayekula chochote. Sema."

Hasani alifikiri kwa makini, kwa utaratibu wake. "Ming'oko siipendi," akakiri.

"Mtu wa kusini hupendi ming'oko, viazi vya msitu wetu!" Seleman alishika kiuno. Alimtazama kijana juu mpaka chini, kisha akamgeukia dada yake, na sauti yake ya mashaurini ilikuwa imerudi yote, watu wa foleni waligeuka kusikiliza. "Fatu, umemsikia huyu wetu? Ming'oko hali. Tukifika, umpikie ugali."